Saini milioni moja za kubadilisha Katiba: ziongezwe, zipunguzwe ama zibaki vile zilivyo?

Mama Zuhra, Mtwapa

Habari zenu wadau. Nina swali limenikaa kichwani tangu Jumamosi na naomba mnisaidie bila kuniletea mambo ya vyama tafadhali, maana hapa mtaani ukilitaja tu unaulizwa kwanza uko upande gani.

Iko hivi. Kifungu 257 cha Katiba yetu kinasema raia wa kawaida wanaweza kuanzisha mabadiliko ya Katiba wenyewe, bila kumngoja mbunge, wakipata saini za wapiga kura milioni moja waliosajiliwa. Jumamosi tulikuwa arusini, tumekaa chini ya mwembe twangoja chakula, shemeji yangu akasema hiyo njia ifungwe kidogo, saini zipandishwe ziwe milioni mbili na zitoke kaunti nyingi, kwa sababu wanasiasa wameigeuza ngazi yao ya kupandia. Mjomba wangu akamwambia hapana, mkiongeza namba mwamfungia mlango mnyonge, mwenye nguvu ataingia hata mkiweka milioni tano. Wakabishana mpaka sinia likaja likapoa.

Mimi nilinyamaza na sababu ninayo. Miaka ya nyuma kulikuwa na kampeni moja ya saini, sitaitaja, na orodha ya waliounga mkono ilipotoka nikalikuta jina langu. Majina yangu matatu, namba ya kipande sawasawa, na wallahi sikushika kalamu. Nilikaa kitandani na simu mkononi nikawaza hiyo namba imetoka wapi, kwa kitabu cha mlinzi pale getini mwa jumba nililokuwa nafanya kazi, au zile kopi za vitambulisho tulizotoa kwa chama chetu cha akina mama tulipotaka mkopo? Mpaka leo sijui. Na sikuwa hata nimeusoma huo mswada.

Kwa hivyo nauliza. Kama hizi kanuni zingebadilishwa, zibadilishwe wapi hasa? Namba ya saini, kaunti zinakotoka, ama vile zinavyokaguliwa? Na nani ana uwezo wa kuzibadilisha, Bunge peke yake ama lazima sote turudi kupiga kura?

wakili_wa_Kitale

Dada pole sana kwa hilo la jina, na si wewe peke yako. Wacha nianze na swali la mwisho kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Hiyo namba milioni moja iko ndani ya Katiba yenyewe, sura ya 16. Na Kifungu 255 kimetaja mambo ambayo hayaguswi mpaka wananchi wapige kura ya maamuzi, kama muhula wa rais, Sheria ya Haki, uhuru wa mahakama, ugatuzi, na mwisho wa orodha wameiweka sura hiyo hiyo ya 16. Maana yake shemeji yako akitaka milioni mbili, ama akitaka sharti la kaunti, lazima Kenya nzima iulizwe, kura za ndio ziwe nyingi kuliko za la, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya angalau nusu ya kaunti. Wabunge hawawezi kuamka asubuhi wakaibadilisha peke yao. Waliotunga 2010 waliufunga huo mlango kwa makusudi.

Lakini vile saini zinavyokusanywa na kukaguliwa ni jambo lingine. Katiba imesema tu IEBC, yaani tume ya uchaguzi, ithibitishe kwamba mswada unaungwa mkono na wapiga kura wasiopungua milioni moja. Haijasema fomu ikae vipi, aliyekusanya awajibike vipi, muda ni miezi mingapi, wala saini italinganishwa na nini. Hayo yote Bunge linaweza kuyaweka kwa sheria ya kawaida. Ile kesi ya BBI, ule mpango wa Uhuru na Raila wa kubadilisha Katiba, Mahakama Kuu Mei 13 2021, majaji watano waliligusa hili hili, wakasema utaratibu ambao tume ilitumia kukagua hauna mguu wa kisheria wa kusimamia na umma haukuhusishwa kuuandaa. Watu wengi wanakumbuka tu rais kuambiwa hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko kwa njia ya raia, na Mahakama ya Juu ikalikubali hilo Machi 31 2022, lakini hili la ukaguzi kwangu mimi lilikuwa na uzito wake na likapita hivi hivi.

Na ujue, rejista ya wapiga kura ina picha yako na alama za vidole. Haina saini yako. Kwa hivyo karani wa tume akiangalia ile fomu anachoweza kuangalia ni jina na namba ya kitambulisho kama viko kwa rejista. Kama aliyeandika ni wewe ama ni jirani yako, hana pa kujulia.

Baba Jelimo, Eldoret

Mimi niko na shemeji, na nitasema kwa nini bila kuficha.

2010 tulipopitisha Katiba waliosajiliwa walikuwa kama milioni 12.6. Milioni moja hapo ni karibu asilimia 8. 2022 tulikuwa milioni 22.1, milioni moja ile ile imekuwa asilimia 4 na nusu, na kila uchaguzi inazidi kushuka thamani kama shilingi. Kwa nini isiwe asilimia? Andikeni asilimia 8 mmalize, ipande na ishuke na watu wenyewe. Halafu hili la kaunti jamani, leo mtu anaweza kutoa saini zote milioni kwa kaunti tatu kubwa, eneo moja, lugha moja, na Katiba inamruhusu. Hiyo ni hatari kwa nchi kama hii yetu, tumeona 2007 baada ya uchaguzi mambo yanavyoweza kwenda, hapa Eldoret hatuwezi kusahau. Mimi nataka kabla hata ya mswada kwenda kwa MCA, wale wajumbe wa mabunge ya kaunti, iwe mtu amezunguka, amekaa na Mpokot, amekaa na Mmijikenda, amekaa na Msomali wa Wajir, wote wameweka mkono.

Mzee wa Ahero

Baba Jelimo nakuheshimu na hiyo ya 2007 naielewa, lakini hapa nakupinga.

Mimi nilikuwa kidato cha nne 1982 Bunge lilipopitisha kifungu cha 2A kikafanya Kenya nchi ya chama kimoja. Mwalimu wetu wa historia aliingia darasani akaandika ubaoni tarehe peke yake, akakaa. Hakuna mtu alituuliza, hakuna fomu, hakuna kura, wabunge walipitisha haraka haraka ikawa ndiyo sheria mpaka 1991. Katiba ya zamani ilikatwa katwa hivyo tangu uhuru na wakubwa. Sasa hii 257 ndiyo mara ya kwanza mtu asiye na cheo amepewa mkono wake kwa Katiba na nyinyi mnataka kuubana.

Hebu tuangalie waliojaribu. Okoa Kenya ya CORD, wakiwa upinzani mkubwa kabisa nchini, walipeleka saini zaidi ya milioni moja na nusu, Machi 2016 tume ikasema zilizo sawa ni 891,598, basi ikafia hapo. Mimi nilisaini hiyo, kwa mkono wangu, nikiwa nimeisoma. Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot, 2019, chama kidogo kisicho na pesa, walipata 1,222,541 zilizokubaliwa, na ile ilikuwa inataka wabunge wapunguzwe mpaka 147 na rais awe na muhula mmoja wa miaka saba. Ungekuwa na hiyo asilimia yako 8 wangetakiwa kuwa na kama milioni 1.6 kwa rejista ya wakati ule, wangekuwa wameanguka mlangoni. Halafu BBI. Ilizinduliwa Novemba 25 2020 na Desemba 10 wakasema wana saini milioni 4.4. Wiki mbili! Walikuwa na kila chombo mkononi. Unafikiri hao ungewaambia leteni milioni mbili wangerudi nyumbani? Mjomba wa mama Zuhra amesema kweli, na sijui niseme nini zaidi yake.

Na tena tazameni ni wapi Punguza Mizigo iliuawa. Haikuuawa na wananchi, ilienda kwa mabunge ya kaunti, inatakiwa 24 kati ya 47 yakubali, yakakataa moja baada ya jingine, kwa sababu ni nani atapitisha sheria ya kupunguza viti vya wenzake? BBI ilipokuja ikiongeza maeneobunge 70, na MCA wakiwa wameahidiwa ruzuku ya gari ya milioni 2 kila mmoja kabla ya kupiga kura, kaunti zaidi ya 40 zikapitisha. Baringo ikakataa, nawapa heshima yao. Kama kuna mahali pa kubadilisha ni hapo. Mswada wa raia ukipata saini halali, uende kwa raia moja kwa moja wapige kura.

Baba Jelimo, Eldoret

Mzee hiyo ya kuruka kaunti siwezi kukubali, ndio kizuizi pekee kwa mtu wa kaunti kubwa kumlima mtu wa kaunti ndogo. Lakini hiyo hesabu ya Punguza Mizigo sikuwa nimeifanya. Nitaifikiria.

karani_wa_zamani

Nimesoma hii thredi mara mbili kabla ya kuandika. Mama Zuhra, mimi nilikuwa mkusanyaji. Si kusema ni ile kampeni ya jina lako, sijui, na pia mimi sitataja, lakini nilifanya hiyo kazi na ninataka watu wajue inavyokuwa chini kabisa kwa sababu hapa mnaongea juu ya milioni na asilimia na kazi yenyewe ni karatasi na kalamu ya biki.

Unapewa bunda la fomu asubuhi ndani ya bahasha ya kaki. Kila ukurasa una mistari, jina, namba ya kitambulisho, kaunti, eneobunge, wadi, simu, halafu kisanduku kidogo cha saini, kidogo mpaka mzee wa macho mabaya anatoka nje ya mstari. Mswada wenyewe hatukupewa. Mtu akiniuliza hii inasema nini nilikuwa nasema ni ya maendeleo, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyoambiwa niseme. Tulilipwa kwa ukurasa uliojaa. Siku ya kwanza na ya pili nilizunguka soko na steji kwa haki yangu, jua kali, nikapata kurasa nne. Siku ya tatu mwenzangu akarudi saa saba na kurasa thelathini.

Jioni ndio nikaona. Tulikaa kwa kibanda cha chai kilichofungwa, taa ya simu, mtu ana orodha iliyochapishwa ya majina na namba, mwingine anaandika, wanabadilishana kalamu, bluu, nyeusi, bluu, ili isionekane mkono mmoja. Kwa kisanduku cha saini kila mtu anachora tu kitu. Lakini mkono haujifichi jamani, ukiangalia chini ya ukurasa kila herufi K ilikuwa na mkia ule ule, mistari kumi na mbili, watu kumi na wawili wa wadi tofauti, K moja. Mimi sikuandika. Lakini niliona na nilikunywa chai nao na nikanyamaza, na pesa yangu nikachukua Ijumaa. Nilikuwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili. Nasema hivyo kueleza, sio kujitetea.

Sasa mukiweka milioni mbili, hicho kibanda kitakaa mpaka saa sita usiku badala ya saa tatu. Mukiweka kaunti 24, watatafuta orodha za kaunti 24. Hakuna kingine kitabadilika.

Njoki, Columbus Ohio

Karani asante kwa ukweli wako, si rahisi kuandika hivyo.

Naandika kutoka Ohio, nimeishi huku miaka mingi na nishakuwa raia, na haya mabishano yenu tuliyapitia huku 2023 karibu neno kwa neno. Katiba ya jimbo inaruhusu raia kupendekeza mabadiliko kwa saini, halafu yanaenda kwa kura, na nusu ya kura ikizidi inatosha. Wanasiasa wa bunge la jimbo wakaleta pendekezo waliloliita Issue 1, kura ikapigwa Agosti 8 2023, katikati ya likizo watu wakiwa wamesafiri. Walitaka mambo matatu, ushindi uwe asilimia 60, saini zitoke kaunti zote 88 badala ya 44 za sasa, na zile siku kumi za kuongezea saini zikipungua ziondolewe. Baba Jelimo, hiyo ya kaunti zote ilielezwa kwa maneno yako kabisa, kwamba vijiji visisahaulike, na mimi mwanzo iliniingia, natoka Nyandarua, najua kusahaulika ni nini. Lakini mtu akanipigia hesabu, kaunti moja tu kati ya 88 ikikosa saini zake, kazi yote ya jimbo zima imekufa. Kwa hivyo kaunti moja ndogo inapata nguvu ya kuzuia kaunti 87.

Lilikataliwa kwa kama asilimia 57. Na Novemba mwaka huo huo pendekezo la raia kuhusu haki ya uzazi likapita na asilimia 57 hivi. Kanuni ya 60 ingekuwa imepita Agosti, wengi wangekuwa wamepiga kura ya ndio na bado wameshindwa. Mabadiliko ya kanuni mara nyingi yana mswada fulani yanaoulenga, uliza tu ni upi uko njiani.

Lakini kitu nataka mkichukue ni fomu ya huku. Kila karatasi ya saini ina sehemu ya chini ambapo aliyekusanya anaandika jina lake na anwani yake, anasema nimeshuhudia saini kadhaa kwa karatasi hii, anaweka idadi, anasaini, na chini yake kuna onyo kwamba kudanganya ni kosa la jinai. Na ofisi ya uchaguzi ya kaunti inalinganisha saini na ile uliyoweka ulipojisajili. Haizuii wizi wote, lakini mtu akichora mistari kumi na mbili kuna jina lake hapo chini.

Binti Mwanza

Nawasoma tu majirani. Sisi huku Tanzania hatuna kabisa hiyo njia ya saini, Katiba inabadilishwa na Bunge kwa theluthi mbili, na ile Katiba Inayopendekezwa tuliyoahidiwa kuipigia kura Aprili 30 2015 kura yake iliahirishwa na mpaka leo haijapigwa. Mjue mnachobishania wengine tunakitamani. Msikifunge.

wakili_wa_Kitale

Binti Mwanza amenena. Na watu wa asilimia kubwa kumbukeni pia Kifungu 256, wabunge na maseneta wana njia yao, theluthi mbili kila nyumba, hawahitaji saini hata moja. Ukiibana 257 umewaachia wao uwanja.

Baba Jelimo, hofu yako ya eneo moja naiheshimu, lakini kaunti 24 zikishakubali tayari umepata kuenea kwako, na kura yenyewe ina sharti la nusu ya kaunti. Kizuizi cha tatu sioni kazi yake. Kwa mzee wa Ahero nasema hivi, kuruka kaunti kunahitaji kura ya maamuzi, ni safari ndefu, tusiiache lakini tusiingoje.

Kinachoweza kufanywa bila kugusa Katiba ni sheria ya kawaida. Aliyekusanya aandike jina lake na namba yake kila ukurasa na aape. Malipo kwa ukurasa yapigwe marufuku, mtu alipwe kwa siku. Muhtasari wa mswada uchapishwe juu ya fomu, kwa Kiswahili. Kila anayeorodheshwa atumiwe ujumbe kwa simu, umeunga mkono mswada huu, kama si wewe jibu hapana, na apewe wiki mbili tatu. Januari 2021 IEBC ilipoweka majina ya BBI kwa tovuti watu walipewa siku chache mno kulalamika, na malalamiko walitakiwa wayaandike wenyewe. Mama yangu kule Cherangany hana intaneti. Halafu tume ichukue saini ya mtu anapojisajili, mashine ni zile zile.

Baba Jelimo, Eldoret

Hiyo ya ujumbe wa simu nimeipenda. Nikihakikishiwa kwamba milioni ni watu wa kweli milioni, naweza kuishi na milioni. Lakini asilimia bado naona ina maana, tusiizike, labda 5 badala ya 8.

Mzee wa Ahero

Tano ya rejista ya 2022 ni kama milioni moja na laki moja. Hapo tunaweza kukaa chini tukaongea mimi na wewe.

Mama Zuhra, Mtwapa

Mmenifungua macho, Mungu awabariki. Nimewasomea mjomba na shemeji jana usiku, shemeji bado ana lake lakini ameuliza hiyo sheria ya kawaida anaipeleka nani, nikamwambia tuanze na mbunge wetu, nitaandika barua kwa mkono wangu na nitaweka saini yangu, safari hii ya kweli.

Karani, mimi sikukasirikii. Kodi ya miezi miwili naijua. Nina swali moja tu nataka unijibu kabla sijaiandika hiyo barua. Zile fomu mlizopewa, kulikuwa na mahali popote pa kuandika jina lako wewe uliyekusanya?

karani_wa_zamani

Hapana mama. Nimejaribu kukumbuka ukurasa mzima, juu mpaka chini. Kulikuwa na mistari ya wale wengine tu. Chini kabisa namba ya ukurasa.